Mwali na Katekisimu

Enzi za Mdachi, misheni yetu ya milimani, juu ya Mkuyuni, ilikuwa na sheria iliyonikosesha raha. Msichana akiwekwa ndani kuwa mwali, shule imekwisha na ubatizo haupati. Nami nilikuwa nimeshavunja ungo.

Kwetu Uluguru mjomba ndiye mwenye neno. Wangu alinifuata darasani, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Funga kitabu, twende. Bibi yako anakungoja."

"Akitoka, asirudi," alisema Padri aliyekuwa akitufundisha.

"Mtoto ni wa ukoo. Misheni haikumzaa."

Nilitaka ubatizo na nilimtaka bibi yangu. Sikuthubutu kusema.

Bruda seremala alisikia, akaja na randa yake mkononi. Alikuwa mtu wa Ayalandi, nchi iliyotawaliwa na Mwingereza.

"Padri, kwetu tulijengewa shule," alisema. "Mtoto akisema lugha ya mama yake, fimbo. Kusoma tulijua, lakini bibi yangu alikufa hana mjukuu wa kuongea naye. Leo watu wazima na ndevu zao wanajifunza vitabuni maneno ya jikoni kwa bibi zao, ndipo wajione taifa."

Mjomba alimtazama. "Mdachi huyu ana akili."

"Mimi si Mdachi."

"Jua limewababua sawasawa, nitawajuaje?"

Tulicheka. Padri hakucheka. Alichukua kitabu cha mafundisho ya dini mezani, akanipa.

"Aende na katekisimu," alisema mwishowe. "Baada ya mavuno nitamuuliza. Akishindwa, sheria ni ile ile."

"Basi asome kwa sauti, bibi yake asikie," mjomba alijibu. "Sitaki manong'ono nyumbani kwangu."

Hivyo niliwekwa ndani. Asubuhi bibi alinifunda, mchana nilimsomea. Kila nilipomaliza fungu alisema, "Haya, sasa kwa Kiluguru. Huyo Mungu wako nami nimsikie." Tulibishana juu ya maneno hadi aridhike.

Siku ya maswali nilirudi misheni, nikasimama mbele ya Padri. Aliuliza kwa Kiswahili, na kwa hofu majibu yakanitoka kwa Kiluguru, kama nilivyozoea kumjibu bibi. Padri aliweka kalamu chini. Nikajua nimekosa vyote.

Sauti ya bibi ikatoka nje, dirishani. "Amejibu sawa, baba. Muulize lingine."

Padri aliuliza lingine. Jumapili iliyofuata nilibatizwa, na hadi leo namshukuru Mungu kwa Kiluguru.