Nusu Saa ya Shangazi

Shangazi yangu alifagia mtambo wa maji taka miaka kumi na moja kabla hawajamkubali kuwa mwanafunzi hapohapo. Tukaingia darasa moja, mimi na yeye, na kila nikisinzia alinifinya mbele za watu. Wenzetu walimwita Bibi Buti, kwa buti lake la mpira la kufagilia. "Buti linafika pasipofika viatu vyenu," aliwajibu.

Ikabaki wiki ya mwisho ya mafunzo ya vitendo. Bila saini ya msimamizi kwenye kijitabu, hupati cheti. Na bila cheti, Shangazi angerudi kwenye ufagio. Sote tulilijua hilo, msimamizi kuliko wote.

Kipimo chenyewe si cha ajabu. Unachota maji yenye tope kwenye bwawa linalopulizwa hewa, unajaza jagi la lita moja, unasubiri nusu saa, unasoma tope limetuama mstari gani; lisipotuama, litafurika mtoni. Lakini nani akae nusu saa na harufu ile? Pale watu walinakili namba ya jana kwenye fomu, wakaenda kunywa chai. Hata mimi, sijitakasi.

Shangazi alifudikiza ndoo, akaikalia. Nusu saa ikaisha, tope bado liko juu, mstari wa mia nane na hamsini. Jana iliandikwa mia tatu.

"Andika mia tatu," alisema msimamizi.

"Mia tatu iko wapi, mwanangu? Nionyeshe kwa kidole."

"Mama, anayesaini hapa ni mimi."

"Na anayeona ni mimi."

Akaandika mia nane na hamsini, kubwa kubwa, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza ukubwani. Msimamizi akamrudishia kijitabu bila saini. Nikamvuta Shangazi mkono, nikamnong'oneza afute namba ile, yaishe.

"Thubutu! Uchafu wao nimeufagia miaka yote, leo niwaandikie na uongo?"

Nilimkasirikia, nusura nilie. Ukaidi gani huu, na siku zimebaki tatu?

Kesho yake asubuhi tope lilikuwa limefurika kwenye bwawa la mwisho, linamwagika mtoni. Meneja akadai fomu. Akazipekua za mwezi mzima: mia tatu, mia tatu, mia tatu, kisha ule mwandiko mkubwa. Akaiweka fomu hiyo mbele ya msimamizi.

Saa nne msimamizi alikuja amenywea, kalamu mkononi. "Mama, lete kijitabu nisaini."

Shangazi akachota maji, akajaza jagi, akamsogezea ndoo.

"Kaa kwanza, mwanangu. Nusu saa."