Salvator Lyamba Walikuwa Wawili

Mtu asiniambie tena kwamba mwandishi Salvator Lyamba alikuwa Anselmo. Tutakosana. Salvator Lyamba walikuwa wawili, na aliyekuwa akiua watu humo vitabuni ni wifi yangu Romana, mke wa kaka yangu, fundi cherehani wa barazani karibu na soko la Mpanda. Mimi nilikuwa nakaa naye pale nikishona vifungo. Sikusimuliwa, niliona.

Romana na Anselmo walisoma pamoja shule ya misheni mpaka darasa la nane. Anselmo akawa karani stesheni, Romana akaolewa, akapata cherehani. Ugonjwa wao ulikuwa mmoja: hadithi za upelelezi. Mwaka sabini na mbili wakaanza kutunga za kwao, wakajipa jina la mwanamume ambaye hayupo duniani. Kazi waligawana. Romana anatunga mauaji, anaandika sura zake, ila muuaji anabaki kichwani mwake, hamwambii mtu. Anselmo ndiye Inspekta, sura za upelelezi ni zake. Jioni akitoka kazini anakuja barazani, anavuta kigoda, anamhoji Romana, na Romana anajibu kwa niaba ya kila mtu wa kwenye hadithi, mguu ukiwa kwenye pedeli.

"Mama, siku ile ulikuwa wapi?" Anselmo anauliza kwa sauti nzito ya polisi.

"Nilikuwa mtoni nafua, Bwana Inspekta. Muulize jirani."

Wateja walisimama kusikiliza wakasahau suruali zao. Anselmo akikisia muuaji akakosa, Romana anatikisa kichwa tu, anaendelea kushona, na Inspekta anarudi kwake kufikiri upya. Akipatia, kitabu kimeisha. Vitabu vinne vilitoka hivyo, vikasomwa mpaka Dar es Salaam.

Lakini midomo ya watu haina likizo. Kule Nsemulwa tulikokaa, wanawake walianza kunong'ona: huyo karani anafuata nini kila jioni kwa mke wa mtu? Kaka yangu naye akaanza kula ugali bila kusema neno. Romana akisema wanaandika vitabu, wanamwuliza, jina lako liko wapi? Basi mwaka sabini na sita iliposikika kwamba mkubwa wa wachapishaji anakuja kwa treni kumwona Salvator Lyamba, wifi yangu alifurahi kama bi harusi. Akamshonea Anselmo kaunda suti ya kijivu, akajishonea gauni la kitenge.

"Wifi," aliniambia, "leo watajua tulikuwa tunafanya nini pale barazani."

Siku mgeni alipofika, ukumbi wa mji ulijaa. Kaka yangu alikuja, akakaa nyuma. Mgeni, Bwana Rafaeli, akauliza kwa heshima kama mwandishi ana mtu wa kumsaidia. Anselmo akajinyoosha ndani ya ile suti, suti ya Romana jamani, akanyoosha kidole.

"Ni huyu mama hapa, fundi wangu wa nguo. Nikiwa naandika, ananichemshia chai."

Watu wakapiga makofi. Makofi! Nilitaka kusimama nimvue hiyo suti mbele za watu, Romana akanishika mkono akanikalisha. Nikageuka kumwangalia kaka yangu. Alikuwa anaangalia chini.

Bwana Rafaeli akaendelea, anacheka. "Kitabu cha tano tumeshapokea, imebaki sura ya mwisho. Hebu tuonjeshe kidogo. Nani alimuua mwenye mashine ya kukoboa mpunga?"

Kwa kitabu hicho Anselmo alikuwa ameshakisia mara kadhaa, na kila mara Romana alitikisa kichwa.

"Ni mke wake," akasema.

"Lakini umeandika mke alikuwa kwenye treni ya Kaliua siku hiyo, na mkata tiketi alimwona."

"Basi mpwa wake."

"Mpwa si ndiye aliyezikwa sura ya pili?"

Ukumbi mzima ukacheka. Anselmo anatokwa jasho, anamwangalia Romana, macho yanaomba. Mshenzi yule! Romana akajifunga kanga yake vizuri, akaniambia twende, tukatoka. Nyuma yetu nikasikia kiti kinasukumwa. Alikuwa kaka yangu. Alitufuata mpaka nyumbani, na njiani akambebea mkewe mkoba, jambo ambalo sikuwa nimewahi kumwona akifanya.

Kesho yake jioni Anselmo akaja barazani. Hakusalimia wala hakuomba radhi. Akavuta kigoda kama kawaida, akakohoa kidogo, akaanza kwa ile sauti ya polisi, ila ilikuwa inatetemeka.

"Mama, siku ile mwenye mashine anauawa, ulikuwa wapi?"

Romana hakuinua macho. Pedeli iliendelea kwenda.

"Nilikuwa nachemsha chai, Bwana Inspekta. Sikuona kitu."