Uboho wa mdogo wangu ulivyoigeukia ngozi yangu

Sasa wakuu. Hii sikusimuliwa na mtu, ngozi yenyewe ninayo hapa nikiandika.

Mwaka juzi nilikuwa na leukemia, saratani ya damu. Nikapandikizwa uboho wa mdogo wangu, Kamau, na ukashika vizuri. Kijana akatamba mtaani kwetu Riruta nzima kwamba damu ninayotembea nayo ni yake, kwa hivyo nimheshimu.

Mwaka ukapita. Ngozi ya mikono ikatoka mabaka, ikaanza kung'aa na kukaza. Mama akasema ni baridi ya Julai, akanipa yale mafuta ya kukamulia ng'ombe. (Si mnajua hayo hutibu kila kitu.) Nikapaka mpaka paka wa jirani akaanza kunifuata.

Siku moja tuko Kenyatta Market na Kamau, nyama choma imefika. Nikamega ugali, vidole vikakataa kukunjika. Tonge likaanguka. Nikamega tena, likaanguka.

Niliogopa, wakuu. Nilidhani saratani imerudi.

Tukaenda kliniki Parklands. Vipimo vikaonyesha haijarudi. Daktari akasema hii ni chronic GVHD: seli za aliyetoa uboho zinauona mwili wangu kama mgeni, zinaupiga.

Mimi napenda kujua mambo, nikamuuliza mbona zingoje mwaka mzima. Kumbe huchelewa hivyo, na hata ndugu wa tumbo moja hawafanani kila kitu.

Tulipofika parking Kamau akaniuliza, "Kwani ni mimi nakuumiza?"

Swali hilo liliniuma kuliko sindano zote. Nikamshika mkono nikamrudisha kwa daktari aulize mwenyewe.

Akaambiwa seli hizo hizo mara nyingi ndizo husaka saratani iliyobaki. Kazi ni kuzituliza, si kuzifukuza. Nikapewa dawa za kupunguza kinga na mazoezi ya vidole.

Jumapili tulirudi Kenyatta Market. Kamau akamega ugali, akaukanda vizuri, akauweka upande wangu.

"Kula. Askari wangu walikosea nyumba, lakini hawalali."

Nikala, machozi karibu.

Nilichojifunza: ukishapandikizwa uboho, ngozi ikibadilika hata kidogo, nenda kwa daktari wako wa transplant mapema. Mafuta ya ng'ombe yatangoja.

Sasa nauliza walio na experience hii. Kuna ambaye vidole vyake vilirudi kukunjika? Kamau ananifanyia matonge makubwa sana, na sina moyo wa kumwambia.