Niligoma kuzima verification ya HTTPS kwa clinic ya Kisumu Ndogo

Wakuu, niaje. Nakaa Gatina, kazi yangu ni backend, yaani kuandika code ya upande wa server, na hii nawapea vile ilitokea bila kuongeza chumvi.

Nikijisifu mnivumilie. Leo nimejipa ruhusa.

Kuna clinic ndogo mtaa wa Kisumu Ndogo, inaendeshwa na nurse anaitwa Achieng. Sampuli za wagonjwa wake hupelekwa lab moja town, na majibu ilikuwa lazima mgonjwa ayafuate mwenyewe. Fikiria mama anauza omena, anafunga biashara aende kuambiwa "bado, rudi kesho".

Mimi na mwenzangu Mutua tukaandika server ya Node. Inauliza lab majibu kwa HTTPS, ile njia ya internet inayoficha ujumbe na kukagua unaongea na nani, halafu inayapeana kwa simu ya Achieng, pia kwa HTTPS. Tukaiweka kwa desktop ya mtumba hapo clinic. Hadi Jumamosi tukiijaribu na lab ilikuwa inafanya poa kabisa.

Jumatatu mtu wa lab alikuwa anakuja kukagua. Akiridhika, clinic inaunganishwa rasmi. Akikataa, wagonjwa wanarudi kwa foleni za town.

Asubuhi hiyo nafika, kila request kwa lab inakufa. Simu ya Achieng inafungua page vizuri, alama ya kufuli ya HTTPS iko, lakini majibu hakuna.

Mutua ni mtu wa Kitui asiyependa stress. Akasema, "Weka tu rejectUnauthorized false, tumalize. Nani atajua?"

Kwa wasiojua: hiyo line inazima verification, yaani inaambia code yako isikague cheti, kile kitambulisho cha unayeongea naye. Mtu anaweza kukaa katikati ajifanye lab, na wewe unampea majina na magonjwa ya watu bila kushtuka.

Nilikasirika. Nikamwambia, "Hiyo ni TB ya mtoto wa mtu. Yako ungetaka ipite hivyo?"

Shida nyingine, code yetu ilikuwa inasema tu "request failed". Nikaongeza line ya kuprint error yenyewe. Ikatoka CERT_NOT_YET_VALID, yaani cheti cha lab bado hakijaanza kutumika.

Achieng akachungulia. "Kwani hicho cheti hakijazaliwa?"

Nikaangalia tarehe. Mashine ilikuwa inaamini tuko mwaka ambao mimi nilikuwa bado primary, na sweta imetoboka kiwiko.

Betri ndogo ya motherboard ilikuwa imekufa, kwa hivyo ukichomoa stima mashine inasahau tarehe. Sasa nani alichomoa?

Clinic na kanisa la jirani wanatumia extension moja ya stima. Nikaenda huko, nikapata mama usher anafagia.

"Ni mimi, mwanangu," akasema. "Jana keyboard ya choir ilikosa pa kuchomeka. Lakini niliwarudishia vizuri, hata nikapanguza vumbi."

Ungemkasirikia vipi huyo? Nilimshukuru kwa vumbi.

Mutua akakimbia Laini Saba kwa fundi wa saa kando ya reli, akarudi na betri. Tukaiweka, nikarekebisha tarehe, nikawasha time sync ili mashine ijisahihishe yenyewe ikipata internet. Nikarestart. Majibu yakaanza kuingia, na mimi nikacheza kidogo hapo kwa kiti.

Mtu wa lab alipofika hata hakuangalia page. Alisema, "Nionyeshe code." Akasearch rejectUnauthorized kwa kila file, hakuipata.

"Hapo ndio huwa nakataa wengi," akasema. Akatupitisha.

Mutua alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilimwacha aviangalie.

Achieng akamwita mama aliyekuwa anangoja kwa benchi na beseni yake ya omena. Wakaingia ndani, mlango ukafungwa. Majibu ya mtoto wake yalisema nini sijui, na sikuuliza.

Alitoka anatabasamu. "Kwa hivyo siendi town?"

"Huendi," Achieng akamjibu.

Akajitwika beseni, akaenda kuuza.

Funzo langu: print error yote, angalia saa ya mashine kabla hujalaumu cheti, na usizime verification eti kuna mtu anakuja.

Haya, wewe umeacha hiyo false kwa server ya nani? Sema hapa chini, halafu uende uitoe.