Kikombe cha Kichuri

Kila nikiosha utumbo wa mbuzi, harufu ya nyongo ikipanda, ulimi wangu unajikunja wenyewe. Siku hizi safari yangu ndefu kabisa inaishia jikoni, lakini pua hainiombi ruhusa. Inanirudisha Tarime, kijijini ambako baba alituhamishia alipofuata dhahabu.

Siku moja wasichana wa pale walikuwa wamekalia ndoo zao, wameziba njia ya kisimani. Kwetu hakukuwa na tone la maji, na mdogo wangu alikuwa anachemka homa.

"Wewe mtu wa kuja, kunywa kwanza," alisema mkubwa wao. Alininyooshea kikombe cha bati chenye kichuri, mchuzi mchungu wa utumbo wa mbuzi waliyemchinja kwao. "Ukitema, ukachote maji kwenu Singida."

Nikanywa. Uchungu ulipanda mpaka masikioni, machozi yakanitoka. Mdomo sikufungua.

Walinikodolea macho, wakisubiri niteme. Mwishowe yule mkubwa akacheka. "Mura huyu! Mpisheni."

Mura wanaitwa wavulana. Mimi nilikuwa na vishungi viwili na gauni la maua, ila sikubisha.

Nilirudi na ndoo kichwani, shingo juu kama mwenye kijiji. Jioni mama akanipakulia mchuzi. Nikaonja, nikasukuma bakuli.

"Mama, huu hauna uchungu. Kwetu hatupiki hivi."

Mama aliushusha upawa taratibu.

"Kwenu wapi, mwanangu?"