Sauti ya Mama Tuanze

Wanafunzi wake wa uzamili walimwita Mama Tuanze. Wengi hawakuwahi kumwona ana kwa ana. Walisoma mtandaoni, watu wazima wenye kazi na watoto, na kila aliyewasilisha sura ya tasnifu alirudishiwa rekodi ya sauti iliyoanza vilevile: "Haya, tuanze na ulichopatia." Makosa yalifuata baadaye, moja moja, taratibu kama mtu anayechambua mchele. Wenzake chuoni walimcheka kwamba anajitwisha mzigo wa bure. Maneno mawili pembeni yangetosha. Akawajibu kwamba anayesoma peke yake anahitaji kusikia kuna mtu upande wa pili. Mkunga mmoja aliyetaka kuacha masomo alikiri kwamba rekodi hizo, alizozisikiliza akienda zamu, ndizo zilizomrudisha.

Kisha koo likaanza kumkwaruza. Alidhani ni kusema sana. Kumbe ni uvimbe. Daktari hakupindisha maneno: ama sauti, ama uhai.

Alitoka hospitali bila sauti, na tundu la kupumulia shingoni. Maoni yake sasa yalikwenda kwa maandishi, yenye upole uleule, lakini wanafunzi wakaanza kuchelewesha kazi, na wengine wakapotea kabisa. Mumewe, fundi baiskeli, akajitolea kuyasoma na kuyarekodi. Alikwama kwenye "nadharia-tete" mpaka akaitukana, na mkewe akacheka kwa mabega, bila mlio.

Siku mkunga alipotetea tasnifu yake, mume na mke waliketi pamoja mbele ya kompyuta. Watahini wakampitisha. Mkunga akajifuta macho, akasema, "Mwalimu, naomba neno kutoka kwako."

Kwa mazoea, Mama Tuanze akafungua kinywa. Ikatoka pumzi tu, shingoni. Mumewe akadakia, "Mama anasema..." akaishia hapo, kwa sababu mkewe hakuwa ameandika kitu. Wote wakasubiri. Mama Tuanze akapunga mkono, akatabasamu, akazima kamera, ndipo akalia.

Kesho yake aliandikia idara kwamba atawamalizia aliobaki nao, wapya asipewe. Mumewe akamsihi. "Mke wangu, mimi nipo. Nitakusomea hata miaka kumi."

Mkewe akachukua simu, akaandika, akampa: "Unasoma vizuri, baba watoto. Ila si mimi."

Hayo mumewe hakuyasoma kwa sauti. Akamrudishia simu, akaenda kumchemshia maji ya kusafishia kidonda.