Matoka Nyuma ya Jiko la Masista

Dada yangu mkubwa husema nikitoka nje ya geti la mtaa wetu wa Ngoingwa nahitaji viza. Hakosei. Dunia yangu inatosha kwenye kochi, chai ikiwa karibu. Kwa hiyo aliponijia na gari lake kutoka kwake Membley, akapiga honi kama ya mazishi, nilijua Mama ndiye kamtuma.

Mama alikuwa amesikia kwamba lile shamba la kahawa upande wa Ruiru limeuzwa, litakatwa ploti. Humo ndani kuna kanisa la enzi za wakoloni na nyumba ya masista, vyote magofu siku hizi. Mama alichuma kahawa pale akiwa msichana. Kifungua mimba wake alifia mikononi mwa masista, wakamzika nyuma ya jiko lao. Msalaba wa mti uliliwa na mchwa, lakini Mama alikuwa amepanda itoka juu ya kaburi, lile yungiyungi ambalo kwetu hupandwa mpakani kwa sababu halifi.

"Siwezi kwenda kulala kaburini nikiacha mtoto wangu chini ya fleti," alituambia. "Mtafuteni, tumlete nyumbani."

Kanisa halikuwa na paa. Mti wa mugumo ulikuwa umeota palipokuwa na altare, mizizi yake imekumbatia ukuta mpaka mawe yakapasuka. Katika nyumba ya masista nyuki walinguruma ndani ya ukuta. Ukiweka kiganja, jiwe lilitetemeka. Mimi niliweka mara moja tu.

"Wewe tangulia, ndiwe mwanamume," dada akasema.

"Leo umekumbuka?"

"Basi nishikie pochi, mrembo."

Nikaishika pochi, nikafuata nyuma yake, bila aibu yoyote.

Nyuma ya jikoni hapakuwa na itoka hata moja. Ardhi ilikuwa imechimbuliwa upya, nyekundu, mashimo madogo madogo kila mahali. Kando palikuwa na rundo la matoka yaliyong'olewa, majani yamelegea, vitunguu vya mizizi yake vikikauka juani. Zaidi ya hapo tingatinga lilikuwa limeshashushwa, mdomo umeelekezwa kwetu.

Soja, mlinzi wa pale, akaja akitafuna majani ya muguka. Dada akamuuliza nani kang'oa.

"Ni sisi, madam. Bosi alisema tung'oe yote. Mtu akinunua ploti akute itoka ndani, kesho jirani anasema huo ni mpaka, na keshokutwa mko kortini."

"Kulikuwa na moja hapa peke yake," nikasema. "Moja tu. Unakumbuka lilikuwa wapi?"

Akacheka. "Moja? Boss, hapa yalikuwa yamejaa. Ndio maana hata sisi tulishangaa. Mpaka huwa ni laini moja, unaenda. Haya yalikuwa laini kwa laini, yamekaribiana hivi." Akatanua mikono kuonyesha.

Upana ulikuwa wa mtoto mchanga.

Nadhani alijiona mwenyewe. Taya likaacha kutafuna, mikono ikabaki imetanuka, asijue pa kuiweka. Dada yangu alirudi nyuma hatua moja, kisha akaangalia chini kuona amekanyaga wapi.

Simu yangu ikalia. Mama.

"Mmemwona?"

Nilitafuta uongo mzuri. Dada alikuwa tayari ameokota kitunguu kimoja kwenye rundo, akinionyesha kwa macho: hiki, tumwambie ni hiki. Nikatikisa kichwa.

"Mama, matoka yameng'olewa, na tingatinga lipo hapa tayari. Na hayakuwa ya kwako peke yake. Wamama wengine pia walipanda."

Nikasikia nyuki.

"Sisi hatukuwa tunaambiana," akasema hatimaye. "Kila mtu alikuja na lake." Akavuta pumzi. "Basi msimchague yeyote. Mtu asichimbe hapo, na hiyo mashine isisonge. Kesho mtanileta, hata kwa kubebwa. Nipe soja wa hapo."

Nikaweka simu kwenye spika. Soja akavua kofia. Mama akamwomba namba ya bosi, naye soja akaitaja pole pole, mara mbili.

"Asante, mwanangu. Na wewe, usiku unalala wapi hapo?"

Soja akageuka kutazama kibanda chake cha mabati, mlango wake wazi, nguzo zake zimesimamishwa kwenye udongo ule ule mwekundu walimong'oa matoka.